Unabonga na ChatGPT Usiku Ukilemewa? Haya Ndiyo Mambo Haikuambii

Tumeongoza dunia tena, na safari hii si kwa marathoni. Ripoti ya DataReportal ya Julai 2025 ilionyesha kwamba asilimia 42.1 ya Wakenya wanaotumia intaneti, wenye miaka 16 kwenda juu, walikuwa wametumia ChatGPT mwezi uliotangulia. Kwa orodha hiyo hakuna nchi ilitupita. Si Marekani, si India.

Mchana tunasema ni ya kuandika CV na kumaliza asainmenti ya lekchara. Sawa. Lakini kuna matumizi mengine hayasemwi kwa base. Mathe amelala, mbogi hakuna mtu yuko onlaini, rent imechelewa wiki mbili, na mawazo yamekufika shingoni. Unaandika tu: "Niko na stresi, sijui nifanye nini." Sekunde mbili baadaye kuna kitu inakujibu pole pole, bila kukuharakisha, bila kukuambia ujikaze kisabuni.

Hauko pekee yako. Oktoba 2025, OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa hesabu yao wenyewe: kila wiki, karibu asilimia 0.15 ya watumiaji wanaandika kitu kinachoonyesha wazi kwamba wanafikiria au wanapanga kujitoa uhai. Inakaa kidogo, si ndio? Sasa kumbuka kwamba wakati huo walikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 800 kwa wiki. Piga hesabu. Ni zaidi ya watu milioni moja, kila wiki, wanaambia mashine kitu ambacho pengine hawajaambia binadamu yeyote.

Kwa hivyo swali la "je, mayut wanafaa kuongelesha chatboti kuhusu afya ya akili?" limepitwa na wakati. Tayari wanaongea. Swali lililobaki ni hili: hiyo kitu unayoiambia siri zako imetengenezwa na nani, kwa kazi gani, na mambo yakichacha inakupeleka kwa nani?

Kwa nini tunaanza na mashine

Usiamini mtu akikuambia ni juu kizazi chetu ni laini. Angalia mazingira.

Kaunsela wa private Nairobi atakuitisha elfu kadhaa kwa saa moja, na hiyo saa moja si mwisho, utahitaji kurudi. Mse anayeishi kwa Fuliza atatoa wapi? Kwa hospitali za serikali, madaktari wa akili ni wachache na wengi wako mijini. Mwaka wa 2020, jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilizunguka nchi likasikiliza watu, halafu likapendekeza magonjwa ya akili yatangazwe janga la kitaifa. 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho. Makaratasi yapo. Foleni bado ipo.

Halafu kuna woga. Jina la Mathari, hospitali iliyoanzishwa 1910, mtaani limekuwa tusi. Ukisema unataka kuongea na mtu, kuna mjomba atauliza kama umeanza kuvuta kitu. Chama itaambiwa, kanisa litaambiwa, na kufika Jumapili utakuwa kwa orodha ya maombi.

Na sheria yenyewe ilikuwa inatutisha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, jela hadi miaka miwili. Yaani uko chini kabisa, umenusurika, unaamka hospitalini na karao yuko kando ya kitanda. Ni Januari 2025 tu ndio Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hicho kifungu kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo, kuambia mtu ukweli kungekuletea kesi. Mashine unaona haitakuitia karao. Unaona venye mtu anafika hapo?

Hizi chatboti si moja

Hapa ndio watu wengi hukosea rada. Wanaweka kila kitu kwa kapu moja.

Aina ya kwanza ni ile ya maneno yaliyopangwa. Wataalamu wanakaa chini wanaandika majibu yote mapema. Wewe ukisema hivi, boti inajibu hivi. Ukichagua huku, inakupeleka huku. Haiwezi kukuambia kitu ambacho hakuna binadamu aliandika. Inaboesha saa zingine, lakini haitakushtua.

Aina ya pili ndio ChatGPT na ndugu zake. Hizi zimesoma maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yao ni kukisia neno linalofuata. Hakuna mtu ameandika lile jibu mapema. Ndio maana zinabonga kama mtu, na ndio maana hata waliozitengeneza hawawezi kukuapia zitasema nini saa tisa usiku.

Na usidhani hii ni story mpya. 1966, profesa wa MIT anaitwa Joseph Weizenbaum alitoa programu inaitwa ELIZA. Ilikuwa inachukua maneno yako inayageuza swali. Ukisema "nina huzuni," inauliza "kwa nini una huzuni?" Hakukuwa na chochote ndani. Lakini sekretari wake, aliyekuwa amemwona akiitengeneza, alianza kuongea nayo akamwomba profesa atoke kwa chumba. Weizenbaum alishtuka hadi akatumia miaka iliyofuata kuonya watu. Somo ni hili: binadamu akisikilizwa, hata na kitu kisicho na masikio, anafunguka. Hiyo si ujinga. Ni njaa ya kusikilizwa.

Zinasaidia? Ukweli ni kwamba zinaweza

Tusikuwe wale wa kukataa kila kitu. 2017, utafiti mmoja Marekani ulichukua vijana 70 wa miaka 18 hadi 28. Wengine wakapewa boti inaitwa Woebot, wengine kitabu cha kielektroniki. Baada ya wiki mbili, wa Woebot dalili zao za unyogovu zilikuwa zimeshuka kuliko wale wengine. Woebot ilikuwa ile aina ya kwanza, maneno yaliyopangwa, na ilifuata mbinu ya kukufundisha kushika wazo baya, kuliuliza maswali, na kuona kama kweli lina msingi.

Machi 2025, watafiti wa Chuo cha Dartmouth walitoa matokeo ya Therabot, hii sasa ikiwa aina ya pili. Watu wazima 210, wiki kadhaa. Waliokuwa na unyogovu na wakaitumia, dalili zilipungua kwa wastani wa asilimia 51. Hiyo ni kubwa.

Lakini soma maandishi madogo. Therabot ilianza kujengwa 2019, na wataalamu waliifundisha mazungumzo moja moja. Na wakati wa utafiti, kulikuwa na watu nyuma yake wanasoma ujumbe, tayari kuingilia mtu akiwa hatarini. Kwa hivyo mtu akikuambia "AI imethibitishwa inatibu stresi," muulize: AI gani? Hiyo iliyojengwa miaka mitano na madaktari wako nyuma, ama hii umeweka kwa simu jana juu ya tangazo?

Na jua hii pia. Tarehe 30 Juni 2025 Woebot ilifunga ile apu yake. Mwanzilishi wake alisema kupita masharti ya FDA, wale wa kuidhinisha dawa na vifaa vya tiba Marekani, kulikuwa ghali na kugumu. Fikiria hiyo hesabu: boti iliyojaribu kufuata sheria ilifunga duka, halafu zile za kila kitu, ambazo hazikuwahi kuomba ruhusa ya kutibu mtu, ndizo ziko kwa mifuko yetu wote.

Ngori inaanzia wapi

2023, shirika la Marekani linalosaidia watu wenye matatizo ya kula, NEDA, lilitangaza linafunga laini yake ya simu iliyokuwa na binadamu. Boti inaitwa Tessa ndio ingebaki. Kabla mambo hayajatulia, watumiaji wakaonyesha kwamba Tessa ilikuwa inawapa ushauri wa kupunguza uzito. Kumbuka hawa ni watu ambao kujinyima chakula ndio ugonjwa wenyewe. Wakaitoa mbio. Tatizo halikuwa boti pekee. Tatizo ni kwamba mtu aliangalia bajeti akaona binadamu ni gharama.

Kisha kuna kesi za kuumiza. Kijana wa miaka 14 kutoka Florida alifariki Februari 2024 baada ya miezi mingi ya kuongea na mhusika wa kubuni kwa Character.AI, mamake akashtaki kampuni. Agosti 2025, wazazi wa kijana wa miaka 16 kutoka California wakashtaki OpenAI, wakisema ChatGPT ilimsindikiza mtoto wao gizani badala ya kumrudisha. Mwezi huo huo OpenAI wenyewe wakakubali kwamba vizuizi vyao vya usalama vinaweza kulegea mazungumzo yakiwa marefu.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Mazungumzo yakiwa marefu. Nani huongea kwa muda mrefu na mashine usiku? Ni yule yule mtu ambaye anahitaji hivyo vizuizi kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna shida nyingine ya kimya: hizi boti hupenda kukubaliana na wewe. Aprili 2025 OpenAI walilazimika kurudisha nyuma toleo moja la ChatGPT juu lilikuwa limezidi uchawa, kila unachosema "umesema vizuri sana." Ukiwa poa, chawa ni kichekesho. Ukiwa umeamini hakuna mtu anakupenda, chawa ni hatari. Kaunsela mzuri saa zingine anakukatalia. Beshte mzuri pia. Anakuambia, "Zi, hapo umejidanganya." Kwa sababu hizo, jimbo la Illinois lilipitisha sheria Agosti 2025 kukataza AI kutoa terapi pekee yake.

Sasa weka Sheng hapo ndani

Hii ndio sehemu yetu, na hakuna mlami atatufanyia.

Mtu wa mtaa hasemi "ninakabiliwa na unyogovu." Anasema "nimechoka na hii maisha." Anasema "kichwa imejaa," "roho ni nzito," "sioni mbele." Saa zingine anasema "nataka tu kulala, nisisumbue mtu tena." Boti iliyofundishwa na Kiingereza cha majuu inaweza kusikia "kulala" ikakupea mbinu tano za kupata usingizi mnono. Zima taa mapema, usinywe kahawa. Na mtu alikuwa anaaga.

Halafu geuza upande wa pili. Sisi hutumia kifo kama mzaha kila siku. "Umeniua!" ni kicheko. "Nimekufa" na emoji tatu ni mimi hoi. "Hii Man U itaniua" ni Jumapili ya kawaida. Boti ikishtuka kila mara, utaizima na hautairudia.

Tofauti kati ya mzaha na kilio, kwa Sheng, iko kwa vitu vidogo: saa ngapi, emoji zimepotea, mtu ameanza kusema asante kwa kila mtu, "mimi" imegeuka "mtu kama mimi." Msee wa Kayole anaskia hiyo bila kusoma kozi yoyote. Mashine lazima ifundishwe, na anayeweza kuifundisha ni sisi. Na Sheng ya Kayole leo si ile ya Kisumu, na mwaka ujao itakuwa imebadilika. Kwa hivyo si kazi ya kufanya mara moja unyakue funding unyamaze. Ni kazi ya kila mwezi, na ilipwe.

Na tukisema kulipwa, kuna deni la zamani. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba ChatGPT kuwa na adabu kulitokana na Wakenya. Vijana walioajiriwa hapa Nairobi na kampuni ya Sama walikuwa wanasoma na kuweka alama kwa maandishi machafu kabisa, ya dhuluma na mauaji, ili mashine ijifunze kuyakwepa. Malipo yalikuwa chini ya dola mbili kwa saa. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaharibu akili. Yaani ile sauti tulivu unayoongelesha usiku ilisafishwa na mse wa rika lako, na yeye mwenyewe pengine hakuwa na mtu wa kuongea naye.

Siri yako inalala wapi?

Ukiongea na daktari, kuna sheria ya kufunga mdomo wake. Julai 2025, Sam Altman, mkubwa wa OpenAI, alisema mwenyewe kwa podcast kwamba mazungumzo ya ChatGPT hayana ulinzi kama huo, na mahakama inaweza kuyaitisha.

Hapa nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Habari za afya yako zimewekwa kwa kundi la data nyeti, na afya ya akili iko humo. Kwa watoto, sheria inataka ruhusa ya mzazi, lakini imeacha mlango kwa huduma za ushauri na ulinzi wa mtoto pekee. Mlango huo ni muhimu sana. Fikiria mtoto wa miaka 15 ambaye shida yake iko ndani ya nyumba. Ukimwambia alete sahihi ya baba kwanza, umemfungia nje.

Sheria ni nzuri, lakini tunajua nchi yetu. 2023 watu walipiga foleni KICC kuuza picha ya macho kwa Worldcoin, na ni Mei 2025 ndio Mahakama Kuu iliagiza hizo data zifutwe. Macho ni macho. Sasa fikiria kile umeandika kuhusu mamako, kuhusu ile usiku, kuhusu dawa unazotumia. Hiyo ikivuja, hakuna neno la siri la kubadilisha.

Ya kwetu ingejengwaje?

Hatuanzi na sufuri. Shamiri, shirika la hapa lililoanzishwa na Tom Osborn, lilichukua vijana waliotoka tu sekondari, likawafundisha, likawatuma shule za sekondari kuongoza vikundi. Si madaktari. Ni wasee wa rika karibu sawa. Utafiti wao kwa wanafunzi 413, uliochapishwa 2021, ulipata kwamba vikao vya wiki nne vilipunguza dalili za unyogovu na wasiwasi kuliko vikao vya kufundisha mbinu za kusoma. Wiki nne! Na hawakuanza na "wewe ni mgonjwa." Walianza na shukrani, na vitu unavyovithamini, na imani kwamba mtu hubadilika.

Pia angalia Jacaranda Health. Wako na huduma ya ujumbe mfupi kwa kina mama wajawazito inaitwa PROMPTS, inafanya kazi hata kwa kabambe. Mama anauliza swali, mashine inalipanga kulingana na hatari, na dawati lenye binadamu linashika yale mazito. 2023 wakatoa hata modeli yao ya Kiswahili, UlizaLlama. Huo ndio mchoro: mashine inapanga foleni, binadamu anashika mkono.

Ukiunganisha hizo mbili unapata boti ya maana. Iingie kwa SMS na WhatsApp, juu si kila mtu ana bundles. Iseme kutoka mwanzo kwamba ni mashine. Ijue Sheng. Isiwe chawa. Ikuulize wazi, bila kuzunguka, kama unafikiria kujiumiza. Na ukisema ndio, isikupe tu namba ikakuacha nayo. Ikuunganishe na mtu halisi aliye macho saa hiyo.

Hapo kwa "mtu aliye macho" ndio pesa inahitajika. Kujenga boti ni rahisi siku hizi. Mimi niliacha kampo mwaka wa pili na naweza kuunda moja ya kubahatisha wikendi hii. Kulipa makaunsela 40 wakeshe kwa zamu mwaka mzima ndio kazi. Kwa hivyo ukiona waziri ama kampuni ikizindua "AI ya afya ya akili ya vijana" na tisheti na DJ, uliza swali moja: nyuma yake kuna watu wangapi? Wakisema sufuri, hiyo ni Tessa yetu.

Wakati bado unaitumia

Itumie kama daftari, kupanga mawazo kabla ya kuongea na mtu. Hata unaweza kuiomba ikusaidie kuandika ile meseji ya kwanza kwa beshte: "Buda, siko sawa, una dakika?" Usiandike majina kamili na mahali watu wanaishi. Mazungumzo yakivuka nusu saa na unazidi kuzama, yafunge. Na ikikuambia uache dawa ulizopewa hospitalini, usiiskize.

Lakini kama umefika mahali unafikiria kutokuwepo, hiyo si ya mashine. Piga simu sasa hivi: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 116 ya Childline kama uko chini ya miaka 18, ama Befrienders Kenya 0722 178 177. Wa kwanza asiposhika, piga wa pili. Wote wakikawia, gonga mlango wa jirani, hata kama ni usiku, hata kama hamjawahi kusalimiana.

Na wewe ambaye uko sawa leo, kuna mtu kwa simu yako ambaye amenyamaza tangu mwezi jana. Unamjua ni nani. Mtumie "uko aje kweli?" kabla hajaiambia mashine.